Mbwa aliyeoshwa, na mbwa mwenye raha: tofauti iko wapi?

Video za mbwa wakioshwa haziishi kwenye simu zetu siku hizi. Mbwa mdogo mweupe amesimama ndani ya beseni, povu limemfika masikioni. Dakika mbili baadaye amekaushwa kwa hewa moto, amechanwa, amefungwa utepe shingoni na kunyunyiziwa manukato. Hapa Kisumu video hizo zimezua ubishi unaoendelea mpaka ndani ya matatu za Kondele. Upande mmoja unasema huo ni ujinga wa watu wenye pesa za kuchezea: kazi ya mbwa ni kulinda boma, na ukimdekeza umemharibu. Upande wa pili unaapa kwamba mbwa wao akitoka kuoshwa huwa anacheka. Sasa wapo hata wanaoamini kwamba mbwa aliyenuna dawa yake ni kupelekwa saluni.

Ubishi hauishi kwa sababu kila mmoja anazungumzia jambo lake. Tuyatenganishe kwanza.

Kuna utunzaji wa mwili: kuchana manyoya, kuosha, kukata kucha, kusafisha masikio, kuondoa kupe na viroboto. Kuna kudekeza: kumkuna kifuani, kumpapasa mgongo, kumtembeza bila haraka, kumtandikia mahali laini pa kulala. Halafu kuna mapambo: utepe, nguo, manukato, rangi ya kucha. Mapambo ni ya macho na pua zetu sisi. Kwa mbwa hayana maana yoyote, na manukato ni kero kabisa, kwa kuwa pua yake ina vipokezi vya harufu mamia ya mamilioni wakati ya binadamu ina takriban milioni 5 au 6. Kinachotunukia sisi kwa mbali, yeye kinamjaa kichwani mchana kutwa.

La mwisho ni hali ya moyo yenyewe, na hapa ndipo wengi hupotea. Hisia hupita haraka: radi imepiga, mbwa ameogopa, kumetulia, naye ametulia. Hali ya moyo hukaa siku nyingi, hata wiki, na ndiyo inayoamua atalichukuliaje kila jambo jipya. Mbwa mwenye moyo mzito akisikia lango linafunguliwa anatarajia mabaya. Mwenye moyo mwepesi anasikia lango lile lile na kuinuka aone nani amekuja. Kumpa mbwa kipande cha nyama kunamfurahisha kwa dakika chache. Swali letu ni kubwa zaidi ya hilo: kumtunza kunaweza kubadilisha anavyoishi siku zake?

Tunajuaje moyo wa mbwa ukoje?

Mbwa hasemi, lakini kuna njia nzuri ya kumuuliza. Mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, wakiongozwa na Michael Mendl, walichapisha jaribio walilofanya kwa mbwa waliokuwa wakisubiri kupata makao mapya. Walimfundisha kila mbwa kwamba bakuli likiwekwa upande mmoja wa chumba lina chakula, na likiwekwa upande wa pili ni tupu. Mbwa akishaelewa, bakuli liliwekwa katikati, mahali ambapo hawezi kujua. Mbwa anayelikimbilia bakuli la katikati anatarajia mema. Anayekwenda kwa kusitasita, au asiyekwenda kabisa, ameshakata tamaa kabla hajaona ndani. Mbwa waliokuwa wakihangaika sana kila wanapoachwa peke yao ndio walioonekana kutotarajia mema.

Mwaka 2019, Charlotte Duranton na Alexandra Horowitz walitumia kipimo cha aina hiyo hiyo kwa mbwa wa nyumbani. Kundi moja lilifanyishwa zoezi la kunusa na kutafuta kwa pua, jingine likafanyishwa zoezi la kutembea sambamba na mwenye mbwa. Baada ya wiki mbili, waliopewa nafasi ya kunusa walikuwa wepesi zaidi kuliendea bakuli lisilojulikana. Jambo dogo la kila siku, linaloheshimu mbwa alivyo, lilikuwa limeugeuza mtazamo wake. Naomba msomaji aliweke moyoni hilo, maana kuoshwa na kuchanwa kunafuata kanuni hiyo hiyo. Kunamsaidia pale tu kunapofanywa kwa kumheshimu.

Kero zinazokaa mwilini

Njia ya kwanza ya utunzaji kumwinua mbwa moyo ni rahisi kuelewa: unamwondolea kinachomuudhi.

Chukua manyoya yaliyoshikana. Mbwa wa manyoya marefu, na hata hawa chotara wa German Shepherd walioenea kuanzia Riat mpaka Mamboleo, wana sehemu ambazo manyoya husokotana: nyuma ya masikio, kwapani, kwenye mapaja, chini ya ukosi. Kwa mbali unaona kidonge cha nywele tu. Lakini kila nywele iliyomo humo imeota kwenye ngozi, na kila mbwa anapogeuza shingo ngozi inavutwa. Aliyewahi kusukwa nywele zikabanwa mno, mpaka kipaji kikavutika na usingizi ukakosekana usiku kucha, anajua hali hiyo. Yeye angalau asubuhi yake alifumua. Mbwa anaishi hivyo miezi.

Kuna boma moja Mamboleo ambako nimemwona mbwa wa aina hiyo, dume, chotara, aliyekuwa amepata sifa ya ukali. Mtu akipeleka mkono karibu na sikio la kushoto, anakunja midomo na kuonyesha meno. Kijana anayefanya kazi katika boma hilo ndiye aliyeamua kulitazama sikio lile vizuri. Aliketi chini ya mwembe mbwa akiwa amelala kwa hiari yake, akaanza kumkuna kifuani, mbali kabisa na kichwa. Alipofika nyuma ya sikio hakuvuta. Aliyabana manyoya kwa vidole viwili karibu kabisa na ngozi, ili mvuto wa kitana uishie vidoleni mwake, kisha akaanza kufumua kuanzia nchani, kidogo kidogo, akiacha kila mbwa alipogeuza kichwa. Chini ya kidonge kile kulikuwa na ngozi nyekundu yenye unyevu, na kupe wawili waliovimba, rangi ya kijivu. Hakumaliza siku hiyo. Lakini "ukali" ule ulikuwa maumivu tangu mwanzo, na ulipungua kadiri ngozi ilivyopona.

Ukikuta kidonge kama hicho usikimbilie mkasi. Ngozi ya mbwa ni nyembamba kuliko yetu, nayo hunyanyuka pamoja na manyoya unapoyavuta, kwa hiyo ni rahisi sana kuikata ukidhani unakata nywele.

Kucha ni kero nyingine isiyoonekana. Mbwa anayezunguka kwenye changarawe na lami huzisaga mwenyewe. Anayefungiwa bandani kutwa nzima zinarefuka, na ukimsikia anagonga tik tik kwenye saruji anapotembea, ujue zimeshapita kiasi. Kucha ndefu hugusa chini kabla ya mguu, zikavisukuma vidole juu, na mbwa akaanza kusimama vibaya, mzigo wote ukielemea viungo visivyostahili. Ule ukucha wa juu, upande wa ndani wa mguu wa mbele, haugusi ardhi kabisa, hivyo hausagiki. Ukisahauliwa unajikunja na kuingia kwenye nyama. Ndani ya kila ukucha kuna mshipa wa damu na neva: kwenye ukucha mweupe utauona, ni wa waridi, kwenye ukucha mweusi hauonekani, kwa hiyo unapunguza vipande vyembamba tu. Damu ikitoka, bana unga wa ngano kwenye ncha kwa dakika chache.

Kuhusu kupe, sisi wa Magharibi na wa kando ya ziwa hatuna haja ya kuambiwa. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, kuna joto na unyevu, na kupe wa kahawia wa mbwa hustawi. Huyu hakai kwenye nyasi tu. Hujificha kwenye nyufa za banda, kwenye mbao na kona za ukuta, na jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu. Ndiyo maana unaweza kumsafisha mbwa Jumamosi na Jumatano akawa amejaa tena: ulisafisha mbwa, banda hukuligusa. Kupe hunyonya damu, huwasha, na huleta magonjwa. Mbwa aliyenyong'onyea ghafla, anayelala tu, asiyekula, mwenye homa, ufizi uliopauka au damu puani, huyo hahitaji kuchanwa wala kubembelezwa. Anahitaji daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu imani kwamba mbwa aliyenuna anahitaji saluni inaweza kumuua.

Mkono wenyewe

Njia ya pili ni mguso, na mimi naamini hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote.

Mtoto wa mbwa huzaliwa haoni wala hasikii. Macho hufunguka akiwa na wiki mbili hivi. Kabla ya hapo dunia yake ni joto, harufu na ulimi wa mama. Ulimi huo unamsafisha, unamwamsha anyonye, na hata kukojoa hawezi bila kulambwa. Kwa mbwa, kuguswa na kutunzwa vilianza pamoja. Mbwa wakubwa wanaoelewana huendeleza jambo hilo: utawaona wakilambana masikio na kutafunana manyoya ya shingo polepole.

Mwaka 2003, watafiti wawili wa Afrika Kusini, Odendaal na Meintjes, walipima damu ya watu na ya mbwa kabla na baada ya kupapasana kwa utulivu. Shinikizo la damu lilishuka kwa pande zote mbili. Homoni ya oksitosini, ile inayopanda mama anaponyonyesha na watu wanapokumbatiana, ilipanda kwa mtu na ikapanda kwa mbwa. Dopamini, kemikali ya ubongo inayohusiana na raha, nayo hivyo hivyo. Miaka 12 baadaye Miho Nagasawa na wenzake huko Japani walionyesha kwamba hata kutazamana machoni kwa upole kati ya mbwa na mwenyewe huongeza oksitosini kwa wote wawili. Kwa hiyo mtu anayesema mbwa wake anapenda kuchanwa hajiwazii tu. Kuna kinachotokea ndani ya mwili wa mnyama.

Mwaka 2015 Erica Feuerbacher na Clive Wynne waliwaacha mbwa wachague kati ya mtu anayewapapasa na mtu anayewasifu kwa maneno matamu. Mbwa walikaa kwa anayewapapasa, wala hawakuonekana kuchoka. Maneno matupu, bila mkono, hayakuwashika.

Lakini si kila mkono. Kwa binadamu na kwa panya wa maabara, chini ya ngozi yenye nywele kuna nyuzi za neva zinazoitikia mguso laini; kwa binadamu hupendelea mwendo wa polepole, sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde. Ukimpapasa mbwa kwa mwendo huo, kuelekea manyoya yanakolala, utaona mabega yake yanashuka. Ukimpigapiga kichwani haraka haraka, kama wengi tufanyavyo, utaona anafumba macho na kurudisha masikio nyuma, nasi tunadhani anafurahi. Mbwa wengi hupenda kukunwa kifuani, ubavuni mwa shingo, chini ya kidevu na pale mkia unapoanzia. Kichwa juu, miguu na mkia ni sehemu za kuomba ruhusa, hasa kama wewe ni mgeni.

Ruhusa inaombwaje? Mkune sekunde tatu, kisha ondoa mkono na utulie. Akikusogelea, akakusukuma kwa pua au akakuegemea, endelea. Akibaki kama alivyo, akaangalia kando au akaondoka, amekujibu. Jambo hili linaonekana dogo mno, lakini ndilo linalotenganisha kumdekeza mbwa na kujifurahisha wewe mwenyewe. Mnyama anayejua kwamba akigeuza kichwa mkono utaacha, hana sababu ya kuuogopa mkono. Asiye na njia ya kusema "basi" hana silaha nyingine ila meno.

Dalili tunazosoma vibaya

Mkia unaotikisika hauthibitishi furaha. Unathibitisha kwamba mbwa amesisimka, na msisimko unaweza kuwa wa hasira. Watafiti wa Italia, Quaranta, Siniscalchi na Vallortigara, walionyesha mwaka 2007 kwamba mbwa akimwona mmiliki wake mkia huelemea zaidi upande wake wa kulia, na akikabiliwa na mbwa mgeni mwenye ubabe huelemea kushoto. Kwa macho ya kawaida utafiti huo si rahisi kuutumia, lakini unatosha kutufanya tuache kuuamini mkia peke yake. Tazama mwili mzima. Mbwa mwenye raha amelegea, mdomo wake umefunguka kidogo, nyonga zinacheza pamoja na mkia.

Na kule "kucheka"? Kisumu saa nane mchana kila mbwa anahema mdomo wazi, kwa sababu hawezi kutoa jasho mwilini kama sisi na hewa ya mdomoni ndiyo inayompoza. Mbwa aliyesimama kwenye beseni akihema, huku pembe za mdomo zimevutwa nyuma, weupe wa jicho unaonekana, analamba pua kila mara au kupiga miayo bila usingizi, huyo ana hofu. Video nyingi tunazozipenda zinaonyesha mbwa waliokata tamaa wakisubiri yaishe. Hata zile mbio za ajabu baada ya kuoshwa, anapozunguka uwanja mzima kama aliyepandwa na wazimu, mara nyingi ni ahueni kwamba mambo yamekwisha. Tuzifurahie, ila tusizichukue kuwa ushahidi kwamba maji yalimpendeza.

Kwa mbwa wengi kinachotisha si maji hasa. Ni kuteleza. Beseni la plastiki na saruji yenye povu havimpi mahali pa kushika, naye mnyama anayehisi anaanguka hawezi kutulia. Tandika gunia au mkeka wa mpira chini ya miguu yake na utashangaa tofauti. Cha pili ni maji usoni: mpira wa maji usielekezwe kichwani kamwe, kitambaa kibichi kinatosha. Masikio yakaushwe kwa pamba sehemu ya nje tu, kwa sababu tundu la sikio la mbwa hushuka kisha hukata kona, na maji yakibaki kule ndani hasa kwa wenye masikio yaliyolala, maambukizi hufuata. Maji yawe vuguvugu. Nakuru, ambako mji uko mita 1,850 hivi na asubuhi zina baridi kali, mbwa aoshwe jua likiwa limepanda na akaushwe kabisa. Wao tatizo lao kubwa ni vumbi, na vumbi huondoka kwa kitana kuliko kwa maji.

Mara ngapi? Mbwa wa kawaida mwenye manyoya mafupi, mara moja kwa mwezi ni nyingi tayari, au anapochafuka kweli, kama hawa wa tambarare za Kano, hapa karibu na Kisumu, wanaorudi na udongo mweusi mpaka tumboni. Kuosha kila wiki kwa sabuni kali huondoa mafuta ya asili ya ngozi, ngozi ikakauka, akaanza kujikuna, mwenyewe naye akidhani ni uchafu akamwosha tena. Kuchana hakuna mwisho: kila siku kwa manyoya marefu, mara moja au mbili kwa wiki kwa manyoya mafupi. Na wenye German Shepherd, tafadhali, msimnyoe kipara kwa sababu ya joto. Manyoya yake yana tabaka mbili zinazozuia pia joto la nje. Kilicho cha kuondoa ni yale laini ya ndani yaliyokufa, kwa kitana, ili hewa ipite.

Sabuni ya unga, dawa ya kuondoa madoa na oili chafu

Hapa nashindwa kuzungumza kwa upole. Ngozi ya mbwa haina asidi kama yetu, na hata shampuu ya mtu si sawa kwake. Sembuse sabuni ya unga au dawa ya kuondoa madoa. Oili chafu ya gari inayopakwa mbwa mwenye upele ni sumu: inaunguza ngozi, anailamba, inamharibu ini na figo. Upele una dawa zake na daktari huzijua. Dawa ya kuogeshea ng'ombe inayopimwa kwa macho, "kidogo tu kwenye maji", imewalaza mbwa wengi, wengine wasiinuke tena, kwa sababu kipimo cha ng'ombe si cha mbwa na mbwa hujilamba. Kupe hatolewi kwa kiberiti wala mafuta ya taa. Mshike kwa kibano karibu na ngozi, vuta moja kwa moja bila kumpasua, kisha mtumbukize kwenye spiriti. Agroveti zina shampuu na dawa za kupe za mbwa. Uliza kipimo kwa uzito wa mbwa wako, na umri wake.

"Ukimdekeza halindi boma"

Hii ndiyo imani iliyoenea zaidi kwetu, nami naielewa ilikotoka. Mbwa wengi wa hapa wananunuliwa kwa ajili ya usalama, hufungiwa mchana ili wawe "wakali" usiku. Ila mateso hayamfundishi mbwa kulinda. Yanamfundisha kuogopa, na mbwa mwoga hubweka kila kitu, kuanzia majani ya mgomba mpaka mama mboga, hadi wenye nyumba wanaacha kutoka kutazama. Utafiti uliofanywa Denver, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1994, ulikuta kwamba mbwa waliouma watu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wanaofungwa mnyororo kuliko wale wasiouma. Mbwa anayejua mikono ya watu wa nyumbani anajua pia mkono usio wa nyumbani. Kumchana robo saa jioni kabla hajafunguliwa hakumtoi ulinzi, na kwa mbwa aliyekaa bandani tangu alfajiri huenda ndiyo robo saa pekee ya siku yenye maana kwake.

Kuna faida nyingine ambayo sisi wa kaunti za ziwa tungepaswa kuizungumza zaidi. Kenya ilijiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa kinachoenezwa na mbwa ifikapo 2030, na Kisumu, Siaya na Homa Bay ni kati ya kaunti tano zilizoteuliwa kuanza, pamoja na Machakos na Kitui. Chanjo inahitaji kuwafikia mbwa 70 kati ya kila 100 ili ugonjwa ukatike. Siku ya chanjo kijijini utaona tatizo lilipo: watoto wanamburuta mbwa kwa kamba, mbwa hajawahi kushikwa maisha yake yote, anauma au anajinasua na kutokomea shambani bila sindano. Mbwa anayechanwa nyumbani anashikika. Anasimama. Ni kazi ya dakika moja.

Usiku wa radi nao unaongeza swali lake. Huku Magharibi radi si habari, na wapo wanaosema ukimbembeleza mbwa anayetetemeka unamfundisha uoga. Hofu haifanyi kazi hivyo. Hakuna mbwa anayechagua kuogopa ili apapaswe. Akikufuata, mwache alale miguuni pako, mpapase polepole kama atataka, na usimtoe nje.

Kuanza

Aliye na mtoto wa mbwa ana bahati. Kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi, mbwa hujifunza kipi ni cha kawaida duniani, na anachozoea wakati huo hukaa naye. Kwa kuwa huachishwa mama akiwa na wiki 8, una muda mfupi. Mguse vidole vya miguu kila siku, chungulia masikio, inua mdomo uone meno, gusa kucha kwa kikatio bila kukata, na kila mguso ufuatwe na kitu kidogo kitamu. Omena mmoja mkavu anatosha. Mikao iwe mifupi, dakika moja au mbili, uishie kabla hajachoka.

Mkubwa anayeogopa huchukua muda mrefu, na njia ni ile ile kwa hatua ndogo zaidi. Beseni liwekwe uwanjani likiwa kavu, na chakula chake kiwe pembeni. Siku nyingine chakula kiwe ndani ya beseni. Kisha gunia liwekwe ndani, asimame juu yake, apewe chake, atoke. Maji yaje baadaye sana, kikombe kimoja miguuni. Anayemshughulikia awe mtu mmoja anayemwamini, na katika nyumba nyingi za Kisumu mtu huyo si mwenye mbwa kwa jina. Ni kijana au dada anayempa ugali jioni. Huyo ndiye apewe kitana, aonyeshwe kidonge cha nyuma ya sikio kinavyofumuliwa, na asikilizwe akisema mbwa hataki leo. Mtoto asiachwe peke yake kumwosha mbwa, hata mbwa awe mpole kiasi gani. Na mbwa aliyekuwa akikubali kushikwa, akaanza ghafla kuruka au kunguruma ukigusa mahali pamoja, usimlazimishe wala usimchape: pahali hapo panauma, na wa kupatazama ni daktari wa mifugo.